Sangara Wakubwa wa Rubondo

Sangara ni samaki mkubwa kuliko wote wanaovuliwa katika Ziwa Victoria. Jina lake la kitaalamu ni Lates niloticus. Upande wa Kenya huitwa mbuta, na Uganda mputa. Akiachwa akue anaweza kukaribia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Wengi hawaachwi. Katika mialo mingi samaki wanaopakuliwa asubuhi ni wa kilo mbili au tatu, na sangara wa kubebwa na watu wawili amekuwa habari ya kusimulia. Wakubwa wa kweli wamebaki zaidi katika pembe ya kusini-magharibi ya ziwa, kwenye Ghuba ya Emin Pasha na maji yanayozunguka Kisiwa cha Rubondo, wilaya ya Chato, mkoa wa Geita. Ndani ya mpaka wa hifadhi ya kisiwa hicho nyavu za biashara zimepigwa marufuku. Huko pia ndiko wanakokwenda watu wanaotaka kumvua samaki huyu kwa fimbo na mshipi mmoja, kumpima, kisha kumrudisha majini.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa na watu, kwa sababu ambazo zilibishaniwa vikali kabla hajaletwa, na kuja kwake kuligeuza chakula, kazi na biashara ya watu wa kanda nzima, kuanzia wavuvi wa visiwani hadi wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Kahama. Kwa hiyo historia ya uvuvi wa samaki wakubwa wa Rubondo haiwezi kuanzia Rubondo.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Kwa ukubwa huo, kina chake ni kidogo: sehemu ya chini kabisa haizidi sana mita 80. Pwani ya Geita imekatwakatwa na ghuba na rasi. Kuna Ghuba ya Nungwe, mwalo wa Nkome, kisiwa cha Izumacheli, bandari ndogo ya Nyamirembe, Chato na Muganza, na mbele yake vimetawanyika visiwa vya Kome, Maisome na Rubondo. Ufukwe hubadilika kila baada ya hatua chache. Mahali pamoja ni mafunjo na tope, panapofuata ni mchanga, kisha miamba mikubwa inayoshuka ghafla majini. Miamba hiyo ina umuhimu wake katika habari hii, kwa kuwa sangara mkubwa hupenda kukaa pale ambapo kina kifupi kinakatika na kuwa kirefu.

Kabla ya sangara, Wazinza, Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wakara walivua samaki wa aina nyingi. Sato wa asili alithaminiwa kuliko wote. Ningu alisubiriwa wakati wa masika alipopanda mitoni kutaga, akategwa kwa migono iliyosukwa kwa fito na kuwekwa penye mkondo. Hongwe, kambale, gogogo na kamongo walivuliwa kwa ndoano na mitego. Furu, samaki wadogo wa rangi nyingi wasiozidi kiganja, walikuwa kila mahali. Watoto waliwavua kando ya maji, na watu wazima waliwakausha juani kuwa akiba. Uvuvi huo ulikuwa na mipaka yake ya asili, kwa kuwa mtumbwi wa makasia haukwenda mbali na zana za miti na kamba za mimea hazikudumu.

Mipaka hiyo ilianza kuvunjika mwaka 1905, nyavu za makila za kitani zilipoingizwa upande wa Kenya. Zilienea haraka kuzunguka ziwa lote. Katika muda wa miaka 20 tu sato alianza kupungua karibu na miji, na serikali za kikoloni zikamwagiza Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, afanye uchunguzi. Graham alilizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Alipendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi tano. Alionya pia kwamba kuingiza samaki mkubwa mla samaki kutoka ziwa jingine ni jambo la hatari kubwa, lisilofaa kujaribiwa bila utafiti mpana kutangulia. Onyo hilo lilitolewa robo karne kabla ya tendo lenyewe, na kwa maneno yaliyo wazi kabisa. Ni vigumu kusema kwamba yaliyofuata yalitokea kwa kutojua.

Mwaka 1928, Graham akiwa bado ziwani, reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza. Samaki wakavu sasa waliweza kusafirishwa kwa wingi hadi bara, na mahitaji ya bara yalikuwa yakikua. Geita ilikuwa imejulikana kwa dhahabu tangu mwaka 1898 wakati wa Wajerumani, na katika miaka ya 1930 mgodi wake ulianza kazi kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1940 John Williamson alipata almasi Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Kambi za wafanyakazi zilihitaji kitoweo kinachokaa bila kuoza, na ziwa ndilo lililokuwa karibu.

Wazo la kulipandikiza ziwa samaki mkubwa lilitoka kwenye desturi iliyokomaa mbali sana na hapa. Katika nyanda za juu za Uskoti kuna maziwa marefu, membamba na yenye kina kirefu, yaliyochongwa na barafu ya kale, kama Loch Awe, Loch Rannoch na Loch Ericht. Trauti wengi wa humo ni wadogo na hula wadudu. Wachache, wakishafikia kimo fulani, hugeuka kula samaki wenzao, na kuanzia hapo hukua sana na kuishi miaka mingi. Hao huitwa ferox, na wakubwa wao huzidi kilo 10. Tangu karne ya 19 mabwana wa Uingereza walifunga safari kwenda kwenye maziwa hayo yaliyo mbali na makazi ya watu. Walikokota chambo nyuma ya mashua kutwa nzima, mara nyingi bila kupata chochote, wakimtafuta samaki mmoja mkubwa. Kwao ukubwa wa samaki na upweke wa mahali ndivyo vilivyoufanya uvuvi uwe na maana.

Watu wenye mazoea hayo walipokuja Afrika Mashariki walikuja na samaki wao. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kenya, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven huko Uskoti, na vifaranga wakaachiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Walistawi, na miaka iliyofuata mito mingine ya Kenya ikapandikizwa. Katika Tanganyika trauti waliwekwa kwenye mito ya Kilimanjaro na ya Nyanda za Juu Kusini, na nchi ikawa hata na sheria maalumu ya kuwalinda. Mito hiyo ya baridi ilikuwa na samaki wachache wa asili, kwa hiyo wageni hao hawakuonekana kuleta madhara makubwa. Maofisa wa wanyamapori na uvuvi wakazoea kuamini kwamba maji yasiyo na samaki wa kuvulia kwa fimbo ni maji yenye upungufu, na kwamba upungufu huo unaweza kuzibwa kwa ndoo ya vifaranga.

Imani hiyo ilikuwa na nguvu katika Idara ya Wanyamapori na Uvuvi ya Uganda miaka ya 1950. Mkuu wake, Bruce Kinloch, alikuwa mpenzi wa uvuvi wa fimbo. Sangara waliishi Ziwa Albert na katika Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, na wavuvi wa fimbo waliwajua huko kwa nguvu na ukubwa wao. Maofisa walitoa hoja ya uchumi pia: ziwa limejaa furu wasio na bei, basi aletwe samaki mkubwa awale furu na kuwageuza kuwa nyama inayouzika. Waliongeza kwamba jamaa za sangara waliwahi kuishi katika bonde hilo zamani sana, kwa kuwa visukuku vyao vimepatikana katika kisiwa cha Rusinga. Watafiti wa shirika la uvuvi wa maji baridi lililokuwa Jinja walipinga. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akieleza kwamba mla samaki wa aina hiyo angeharibu jamii za samaki zilizojengeka kwa maelfu ya miaka, na kwamba kila kilo moja ya sangara ingegharimu kilo nyingi za samaki wengine.

Mabishano hayo yaliendelea huku samaki mwenyewe akiwa tayari ameshaingia. Ushahidi uliokusanywa baadaye unaonyesha kwamba watumishi wa idara ya Uganda walianza kuachia sangara ziwani karibu na Jinja mwaka 1954, bila kutangaza. Ziwa Kyoga nalo lilipandikizwa waziwazi katikati ya muongo huo. Mwaka 1960 sangara walinaswa Jinja, na baada ya hapo upinzani ulikosa mantiki, kwani samaki aliyekwisha kuingia katika ziwa la ukubwa huo hawezi kuondolewa. Mwaka 1962 na 1963 wengine waliachiwa rasmi Entebbe na Kisumu. Tanganyika, yenye sehemu kubwa kuliko zote ya ziwa, haikuonekana popote katika uamuzi huo. Kinloch alikuwa amehamia Tanganyika wakati huo, akiongoza idara ya wanyamapori.

Miaka hiyohiyo Rubondo nayo ilikuwa ikipandikizwa, ila nchi kavu. Kisiwa hicho kina urefu wa kilomita zipatazo 28 na sehemu kubwa yake ni msitu. Wazinza waliokuwa wakiishi na kuvua huko walihamishwa, na mwaka 1965 kikatangazwa kuwa pori la akiba. Shirika la Wanyama la Frankfurt, chini ya Bernhard Grzimek, lilishirikiana na serikali kuleta wanyama wasiokuwepo. Walikuja twiga, tembo na mbega, na kati ya mwaka 1966 na 1969 wakaletwa sokwe waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya. Wenyeji wa kisiwa walikuwa nzohe, pongo, viboko, mamba na fisi maji. Mwaka 1977 Rubondo ikawa hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 457, na karibu nusu ya eneo hilo ni maji. Waliochora mpaka huo ziwani hawakuwa wakiwafikiria sangara, ambao walikuwa bado wachache mno katika maji ya kusini. Hata hivyo kipande hicho cha maji ndicho kilichokuja kuwa kimbilio lao.

Kwa karibu miaka 20 sangara alionekana hapa na pale tu. Uchunguzi uliofanywa kwa meli ya utafiti Ibis kuanzia mwaka 1969 hadi 1971 ulikadiria kwamba furu peke yao walikuwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sehemu za chini za ziwa. Kutokana na makadirio hayo trola zilianza kuwavua katika Ghuba ya Mwanza na kiwanda kikajengwa kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, akiwemo Frans Witte, walifika Mwanza kuwachunguza furu hao. Walichokuta kiliwashangaza: spishi moja baada ya nyingine, kila moja na umbo la taya lake na chakula chake. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine mayai na vifaranga vya samaki wenzao. Leo inakadiriwa kwamba ziwa lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, ambazo hazipatikani kwingine duniani.

Kisha ukafika mlipuko. Ulianzia ghuba ya Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1970, ukapita Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 ukaikuta Ghuba ya Mwanza na pwani ya Geita. Nyavu za utafiti zilizokuwa zikitoka zimejaa furu zikaanza kutoka na sangara karibu watupu. Takriban spishi 200 za furu zilitoweka au hazikuonekana tena. Sangara si mkosaji pekee: uvuvi wa trola ulikuwa umeshawapunguza, na rutuba iliyosombwa kutoka mashambani na mijini ilikuwa ikiyatia maji tope na kijani, hata furu wakashindwa kutambuana kwa rangi wakati wa kuzaliana. Lakini ni yeye aliyewamaliza. Baada ya hapo aligeukia dagaa, uduvi na watoto wake mwenyewe. Samaki mmoja jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, na kwa muda hilo lilitosha kuficha hasara.

Mwanzoni watu wa pwani hawakumtaka. Alikuwa na mafuta mengi, alirarua nyavu za sato, na mapishi yaliyozoeleka hayakumfaa. Ugumu mkubwa ulikuwa katika kumhifadhi. Furu na dagaa hutandazwa juani na kukauka. Sangara hutoa mafuta na kuoza kabla ya kukauka, kwa hiyo ilibidi akatwe vipande na kubanikwa juu ya moto au kukaangwa. Moto ulitaka kuni, na misitu ya pwani na visiwani ililipa. Ila ukubwa wake ulishinda chuki zote. Sangara mmoja alitoa kitoweo cha siku nzima kwa kijiji kidogo, na kilo zake ziliuzika. Katika mwaka 1990 sangara waliovuliwa ziwa zima walizidi tani 300,000.

Watu walimiminika ziwani, na wengi wao hawakuwa wavuvi wa kuzaliwa. Kanda ya Geita na Shinyanga ilikuwa na watu waliozoea kufuata riziki inapotokea. Katika miaka hiyo machimbo ya wachimbaji wadogo yalifumuka Bulyanhulu, Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko, na vijana walihama kati ya shimo na mtumbwi kadiri bahati ilivyowageukia. Kazi hizo mbili zilifanana kwa mpangilio. Tajiri anamiliki mtumbwi, injini na nyavu, au anamiliki duara, yaani shimo la dhahabu, na kulisha wachimbaji. Wanaofanya kazi hulipwa kwa fungu la kilichopatikana, na wasipopata hubaki na deni. Samaki wa kubanika kutoka Nkome na Muganza walipandishwa kwenye malori hadi kambi za dhahabu, na dagaa wakaenda mbali zaidi, hadi masoko ya Kahama na Shinyanga mjini. Mkoa wa Shinyanga hauligusi ziwa, ila haujawahi kuwa mbali nalo. Tangu mwaka 2009 hata maji ya kunywa ya miji hiyo miwili huvutwa kwa bomba kutoka Ihelele, Misungwi.

Dhahabu ilileta wasiwasi wake pia. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatisha dhahabu, na zebaki ikifika majini hujilimbikiza kutoka samaki mdogo hadi mkubwa anayemla. Sangara mkubwa, aliye juu kabisa katika mfuatano huo, ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1990 na baada yake vilionyesha kwamba kiasi cha zebaki katika samaki wa ziwa kwa jumla kilikuwa chini ya viwango vya kimataifa, ingawa sangara wakubwa walikuwa nacho zaidi kuliko wadogo. Karibu na machimbo yenyewe, kama Rwamgasa, hali ya udongo na vijito ilikuwa mbaya zaidi.

Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma na Bukoba, na sangara akawa samaki wa Ulaya. Boti zenye barafu zilianza kuzunguka visiwani kukusanya samaki wabichi, na bei ikapangwa na wanunuzi ambao mvuvi hawaoni. Wakazi wa kawaida walibaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya minofu kuondolewa, ambayo yalikaangwa na kuuzwa mitaani. Biashara hiyo ilitikiswa kati ya mwaka 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi zaidi ya mara moja: kwa ajili ya vimelea vya magonjwa, kwa hofu ya kipindupindu, na mara ya mwisho baada ya kubainika kwamba baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa kumwaga sumu ya kilimo majini. Kila marufuku ilishusha bei mwaloni ndani ya siku chache. Marufuku ya mwaka 1999 pia iliharakisha kuundwa kwa vikundi vya ulinzi wa rasilimali katika mialo, vinavyojulikana kwa kifupi cha BMU, kwa sababu vijiji viliona kwamba kosa la wachache linaweza kufunga soko la wote.

Wakati ziwa likivuliwa hivyo, mpaka wa maji wa Rubondo ulifanya kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Ghuba zake za mafunjo zikawa mazalio na malezi ya sangara na sato, na penye miamba samaki walipata nafasi ya kuzeeka. Uvuvi wa fimbo ukaruhusiwa kwa wageni wenye kibali, na sangara wanaozidi kilo 100 wamewahi kuvuliwa humo. Wageni hufika kwa ndege ndogo au kwa boti kutoka Kasenda, karibu na Muganza. Kinachowaleta hakitofautiani sana na kilichowapeleka babu zao Loch Awe: samaki mkubwa wa porini, na maji yasiyo na kelele za watu.

Namna ya kuvua nayo ni ileile. Boti hutembea polepole sambamba na ufukwe, mita kadhaa nje ya miamba, ikikokota chambo bandia chenye umbo la samaki na urefu wa kiganja au zaidi. Dereva aliyezaliwa pwani hiyo ndiye mwenye kazi ngumu. Anatakiwa kujua mwamba unaoishia chini ya maji unaelekea wapi, wapi kina kinatoka mita tano kwenda 15, na upepo wa siku hiyo umeyasukuma maji yapi upande upi. Majira pia yana neno lake. Wakati wa mvua, maji ya chini ya ziwa hutulia na kukosa hewa, na sangara, ambaye hawezi kustahimili maji kama hayo, hupanda sehemu za kina kifupi karibu na ufukwe. Pepo za kusi za Juni hadi Agosti huyakoroga maji tena, na samaki hutawanyika. Saa za alfajiri na magharibi ndizo bora, kwa kuwa macho yake, yanayong'aa kama dhahabu yakimulikwa, yameumbwa kuwinda penye mwanga hafifu.

Akikamata chambo, sangara mkubwa huanza kwa kuzama na kuvuta kwa nguvu kuelekea kina. Kisha hupanda ghafla, akatoa kichwa na nusu ya kiwiliwili juu ya maji na kukitikisa akiwa amepanua mdomo, ili aiteme ndoano. Wengi hupotea hapo. Anayefikishwa ubavuni mwa boti hashikwi ovyo, kwa kuwa vifuniko vya mashavu yake vina miiba na makali yanayokata mkono. Tahadhari kubwa zaidi ni ya ndani ya mwili wake. Sangara ana kibofu cha hewa kisicho na njia ya kutolea hewa kwa haraka, na akipandishwa upesi kutoka kina kirefu kibofu huvimba, akashindwa kuzama tena hata akiachiwa mzima. Mvuvi anayejua kazi yake huepuka kuvua penye kina kirefu, humpandisha taratibu, humwacha majini wakati wa kupimwa, na humshika akielekea mkondo hadi apige mkia mwenyewe.

Kibofu hicho ndicho sasa kinachomtia hatarini sangara mkubwa kuliko nyama yake. Wavuvi na wanunuzi hukiita bondo. Hutolewa, hukaushwa na kuuzwa China, ambako ni chakula cha heshima, na bei yake kwa kilo imepita mbali bei ya minofu. Bondo kubwa lina thamani zaidi kwa uzito kuliko dogo, kwa hiyo sangara mzee mmoja anaweza kumlipa mvuvi kuliko mtumbwi uliojaa wadogo. Sheria zilikuwa zimekwenda upande mwingine. Nchi tatu za ziwa, kupitia taasisi yao ya pamoja iliyoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994, zilikubaliana kwamba sangara anayefaa kuvuliwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85. Wa chini ya hapo hajazaa. Wa juu ya hapo ndiye mzazi anayetaga zaidi. Kikomo cha chini kinaeleweka na kila mvuvi, hata anayekivunja. Kikomo cha juu kililalamikiwa tangu mwanzo, kwani nyavu na ndoano hazichagui, na kumtupa samaki wa kilo 40 aliyekwisha kufa ni jambo ambalo hakuna mtu mwenye njaa anayelikubali.

Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Sangara katika mialo yote ya kanda. Makokoro, nyavu za timba na nyavu zenye matundu madogo zilikamatwa na kuchomwa moto, mitumbwi na injini vikataifishwa, na faini kubwa zikatozwa. Wavuvi walilalamika kwamba walipoteza mitaji ya miaka mingi kwa siku moja, huku waliowauzia nyavu hizo wakiendelea na biashara. Malalamiko hayo yalikuwa na haki ndani yake. Hata hivyo samaki waliongezeka kimo kwa muda katika sehemu kadhaa, na mialo iliyokuwa imekufa ikapata wanunuzi tena.

Furu nao hawakwisha wote. Tangu sangara walipoanza kupunguzwa na uvuvi katika miaka ya 1990, spishi kadhaa zimeonekana tena kwenye nyavu, nyingine zikiwa zimebadilika umbo na chakula, na penye miamba ya Rubondo na visiwa vya jirani bado wako wengi. Sangara wa sasa hula furu kwa kiasi kikubwa kama walivyofanya wale wa kwanza.

Askari wa hifadhi hufanya doria kwa boti usiku na mchana kwenye mpaka wa maji wa Rubondo, na kila mwaka hukamata mitumbwi iliyoingia kutega gizani. Wengi wa wanaokamatwa hutoka vijiji vilivyo upande wa pili wa mlango wa maji, ambako watu wanajua vizuri kwamba samaki wakubwa wako upande ule. Sangara wenyewe hawana mpaka. Wanaolelewa katika mafunjo ya kisiwa hutoka wakikua na kunaswa Nkome, Izumacheli na Maisome, na hao ni sehemu ya riziki ya mialo hiyo. Wanaobaki ndani, kama hawakuliwa na mamba au na wenzao, ndio wanaofikia umri wa kuzaa miaka mingi mfululizo. Ndani ya mpaka huo mgeni mwenye kibali cha hifadhi ndiye anayeruhusiwa kutupa mshipi, na desturi inayofuatwa ni kumwachia samaki baada ya kumpima.